Kamera ilikuwa na kila kitu, kasoro sauti ya bibi

Msomaji wangu, kuna makosa mtu unayafanya ujanani halafu unayacheka uzeeni. Hili langu mpaka leo halijanichekesha.

Mwaka 1999 dada yangu aliolewa nyumbani Ifakara. Mimi nilikuwa kijana wa mjini, nafanya kazi Dar es Salaam, na nilitaka Ifakara nzima ijue hivyo. Nikasikia kuna jamaa karudi kutoka Marekani, anauza kamera ya video. Jamani, ilikuwa inang'aa! Ubavuni imeandikwa "Zoom 200X". Sikuuliza swali la pili. Nikatoa fedha niliyodunduliza miezi kibao, nikapanda treni ya TAZARA, begi la kamera nimelipakata kama mtoto mchanga.

Siku ya harusi nilitesa. Watoto wa mtaa mzima nyuma yangu. Bibi yetu mzaa mama alikuwa ametoka Lupiro, kavuka mto Kilombero kwa kivuko, maana daraja la sasa lilifunguliwa mwaka 2018. Usiku, ukumbini, akasimama kumpa mjukuu wake radhi kwa Kipogoro, nusu anasema, nusu anaimba. Mimi nimejibanza nyuma kabisa, karibu na jenereta, navuta picha kwa mbali na kujiona mtu wa Hollywood. Dakika tano tu, betri chali.

Kizaazaa kikawa kesho yake. Tumejazana kwa jirani mwenye runinga, nyaya nimechomeka, picha zinapanda juu kama zinakimbizwa, tena nyeusi na nyeupe. Watu wakaguna, wakaondoka mmoja mmoja. Kumbe kamera ilikuwa ya mfumo wa Marekani na Japani, NTSC, wenye mistari 525 na picha 30 kwa sekunde. Sisi tulikuwa tunatumia PAL, mistari 625 na picha 25. Chini ya kamera iliandikwa wazi kabisa. Nani alisoma?

Baadaye Dar es Salaam nikampata fundi mwenye runinga ya mifumo yote. Picha za mchana safi. Za bibi? Mraba mraba, kama kitambaa cha viraka. Ile 200X ilikuwa zumu ya dijitali, yaani kamera inachukua kipande cha picha na kukitanua tu. Zumu ya kweli ni ile ya vioo vya lenzi, nayo ilikuwa ndogo sana. Sauti ndiyo usiseme. Maiki iliyomo kwenye kamera inasikia kwanza kilicho jirani nayo. Bibi anafungua mdomo, linaongea jenereta.

Bibi alifariki mwaka 2003. Kanda ninayo.

Sasa mwaka huu mpwa wangu, binti wa bibi harusi yule yule, kaja na hoja. Anapiga picha za harusi hapo Ifakara, anataka kamera ya video. "Mjomba, nimeona moja, zumu yake balaa!" Nikamwambia kaa chini, mama.

Nilimwambia hivi, na wewe msomaji chukua. Kwanza, uliza zumu ya lenzi ni ngapi. Ile ya dijitali isahau. Pili, tafuta tundu la kuchomekea maiki ya nje, na la hedifoni. Ukikosa hayo, harusi yote utarekodi spika na vigelegele. Tatu, omba muuzaji azime taa dukani, urekodi kwenye giza giza. Picha ikijaa chengachenga, ujue na ukumbini itakuwa hivyo hivyo. Nne, betri ya akiba ni lazima. Tano, kadi ya kumbukumbu iwe yenye kasi, maana ukirekodi 4K kwenye kadi goigoi, kamera inakatisha katikati ya kiapo.

Na ule mfumo ulioniumbua haujafa kabisa. Kamera nyingi bado zina chaguo la PAL au NTSC kwenye menyu. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo weka PAL. Ukiacha NTSC, taa za ukumbini zinaweza kucheza cheza kwenye picha.

Kwa wa bonde la Kilombero, naongeza moja. Masika yetu yana unyevu, na lenzi ikifungiwa kwenye begi bichi huota ukungu. Weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na kamera itoke begini mara kwa mara.

Binti akaahirisha. Akaweka fedha miezi miwili zaidi, akanunua yenye zumu ndogo kuliko ile ya balaa, lakini ina tundu la maiki. Nilidhani ataijaribu kwenye harusi ya kwanza ya mteja. Wapi! Kaenda moja kwa moja kwa mama yangu, bibi yake, akambana kamaiki kwenye khanga, akamwambia, "Bibi, yale maneno aliyosema mama yako kwenye harusi ya mama, unayakumbuka?"

Mama akanyamaza kidogo. Halafu akaanza kwa Kipogoro, nusu anasema, nusu anaimba.

Safari hii nimesikia kila neno.