Ziwa: Kinga ya Mlinda Lango na Kipato cha Familia

Mgeni kutoka pwani anayefika Ziwa hupokewa na baridi kabla ya kupokewa na watu. Mji huu mdogo uko kaskazini mwa Eldoret, katika eneo bunge la Soy, Kaunti ya Uasin Gishu. Tulisafiri kutoka Mombasa kwa garimoshi hadi Nairobi, tukapanda basi lililopitia Nakuru hadi Eldoret, mji ulio juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kutoka hapo matatu ikatufikisha. Kwa sababu ya jina, macho yetu yalitafuta maji. Yalichokiona ni maziwa. Alfajiri pikipiki zilipita zimebeba madebe ya maziwa, na pande zote mbili za njia palikuwa na mashamba ya mahindi na ngano yasiyo na mwisho. Wenyeji walitusalimu "chamgei", nasi tukajifunza kuitikia.

Tulikwenda kumzuru ndugu yetu aliyeolewa huko. Binti yake, mwenye umri wa miaka kumi na sita, ni mlinda lango wa timu ya hoki ya wasichana shuleni kwake. Mamake alikuwa na ombi moja kwetu: tumsaidie kupata vifaa vya kumkinga mwanawe kwa bei ambayo familia ya mkulima inaimudu. Ombi hilo lilitugusa, kwani hata kwetu Mombasa wako mabinti wanaocheza mchezo huu jioni kwa kujifurahisha, na wazazi wao wana swali hilo hilo.

Yafaa wasomaji wetu wajue kwamba hoki si mchezo mgeni katika nchi hii. Timu ya wanaume ya Kenya ilishika nafasi ya sita katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la Barcelona mwaka 1971. Leo mchezo huu unaishi zaidi shuleni, na wasichana wa magharibi mwa nchi wanaucheza kwa bidii. Jambo jingine liliwafurahisha akina mama tuliosafiri nao: katika uwanja wa hoki, hakuna mchezaji aliyesitirika kuliko mlinda lango. Aweza kuvaa suruali ndefu, fulana ya mikono mirefu juu ya kinga ya kifua, glavu, na kofia ngumu ambayo hukaa vizuri juu ya mtandio mwepesi usio na pini. Mzazi anayesita kumruhusu bintiye kucheza kwa sababu ya mavazi hupata hapa nafasi isiyo na ubishi. Tatizo ni kwamba nafasi hiyo ndiyo ghali kuliko zote.

Ughali huo una sababu. Mpira wa hoki ni mgumu, nao una uzito wa gramu 156 hadi 163. Wachezaji mahiri huupiga ukaenda kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa. Lango lenyewe lina upana wa mita 3.66 na kimo cha mita 2.14, na anayelilinda hana budi kuusimamisha mpira huo kwa mwili wake. Ndiyo maana sheria za mchezo zinamtaka avae, kwa uchache, kofia ngumu yenye kinga ya uso, kinga za miguu, na kinga za nyayo zinazofunika viatu. Seti kamili iliyo mpya, pamoja na kinga ya koo, ya kifua na ya mikono, hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi.

Tulipomwona binti yetu akifanya mazoezi, uwanja ulikuwa wa nyasi zenye mashimo na vichuguu. Alikuwa na kinga za miguu zilizochakaa na kofia ya mwendesha pikipiki. Mwalimu wake alifanya alivyoweza, na hatumlaumu. Lakini kofia ya pikipiki imetengenezwa kwa ajili ya kuanguka barabarani. Kioo chake kinaweza kupasuka mbele ya macho, na koo hubaki wazi. Juu ya nyasi za mashimo, mpira uliokuwa ukiviringika chini huruka ghafla, na aghalabu huruka kuelekea shingo na uso.

Hapo ndipo tulipokubaliana juu ya kanuni ya kwanza ya ununuzi wetu: kichwa na koo havitafutiwi rahisi. Kofia yenye wavu wa chuma usoni na kinga ya koo vinunuliwe vipya, au vilivyotumika kidogo na mtu tunayemjua. Kofia iliyopata ufa, hata ufa wa unywele, haifai tena. Wavu uliopinda haufai. Kamba ya kidevu isiyobana haifai.

Vilivyosalia vyaweza kutafutwa katika mitumba. Tulirudi Eldoret, mji wa wanariadha, ambako marobota ya mitumba huleta viatu na vifaa vya michezo vya kila namna. Anayenunua kinga za miguu avibonyeze vifaa hivyo kwa dole gumba. Povu zuri ni gumu, na hurudi upesi mahali pake. Likibaki na shimo, limekufa. Atazame mikanda na vifungo, kwani mkanda ukikatika mchezo umekwisha. Ila fundi wa viatu aweza kuushona mwingine kwa gharama ndogo. Avivalie hapo hapo akiwa amechuchumaa, ahakikishe sehemu ya goti imekaa kwenye goti, maana kinga ndefu kupita kiasi humwangusha anayezivaa. Tena apime upana: sheria hairuhusu kinga ya mguu mmoja kuzidi milimita 300.

Muuza duka mmoja alituonyesha kinga za miguu za mchezo wa kriketi. "Mama, hizi pia ni za mpira mgumu," alisema, naye alisema kweli. Lakini kinga za kriketi hulinda goti na muundi tu, huku mlinda lango wa hoki akiupiga mpira kwa mguu mara nyingi. Zaweza kufaa kwa mazoezi mepesi, mradi zipatikane kinga za nyayo za hoki zenyewe. Ama kushona kinga kwa sponji ya godoro, jambo ambalo mama mmoja alilipendekeza kwa nia njema, ni kumdanganya mtoto. Sponji hiyo hubonyea ikaisha, na pigo lote likafika mfupani.

Kanuni ya pili tuliipata kwa kuuliza ni mpira gani unaochezwa. Watoto wa Kanada wanaocheza hoki barabarani mara nyingi hutumia mpira wa tenisi. Kwa mabinti wetu wa Mombasa wanaotaka furaha na afya tu, hilo latosha: mpira wa tenisi au wa plastiki nyepesi, pamoja na kinga ya uso, glavu na kinga za miguu za mitumba. Mpira ukiwa laini, gharama hushuka. Lakini shule inayoshindana haiwezi kuuchagua mpira, na hivyo haiwezi kupunguza kinga.

Kanuni ya tatu ilitufundishwa na Ziwa yenyewe. Mashindano ya hoki ya shule za sekondari huchezwa katika muhula wa kwanza, kuanzia Januari hadi Aprili. Huo ndio wakati mkulima ananunua mbegu na mbolea, na mfuko hauna kitu. Mahindi huvunwa karibu na mwisho wa mwaka. Mzazi anayengoja mwalimu aitishe vifaa mwezi wa pili atanunua vibovu, au hatanunua kabisa. Anayetenga fedha baada ya mavuno, Novemba au Desemba, ana nafasi ya kuchagua na kupatana bei.

Ndugu yetu na wazazi wenzake watano wamelipeleka jambo hili katika chama chao cha akina mama. Mavuno yajayo, kila mmoja atatoa sehemu yake. Kofia na kinga ya koo zitanunuliwa kwanza, na mengine yatafuata. Vifaa vitakuwa vya timu, vipokezanwe na mabinti watakaofuata, na vitaanikwa kivulini kila baada ya mvua, maana jua kali huharibu povu na unyevu huozesha mikanda. Sisi wa pwani tuongeze tahadhari moja: hewa ya chumvi hula vyuma, basi wavu wa uso upanguswe kwa kitambaa kikavu kila siku.

Hadi mavuno hayo yafike, binti yetu amekubaliana na mwalimu wake kwamba mazoezini hatasimama langoni ila kwa mpira wa tenisi. Tulilelewa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Na anayesimama mbele ya mpira mgumu kwa niaba ya wenzake kumi ana haki ya kufungiwa ngamia wake na jamaa nzima.