Povu Mtaroni

Mpwa wangu, mwaka 1983 sisi wa Ngamiani, Tanga, tulikuwa tunafulia majani ya mpapai. Vita vya Kagera vilikwisha miaka minne nyuma, lakini rafu za maduka zilibaki tupu, na kwenye foleni ya duka la kaya kila mtu aliweka jiwe lake limshikie nafasi, akaenda zake. Mpaka leo nikipita penye mpapai huisikia ile harufu chungu iliyokuwa kwenye mashati yetu ya shule. Sabuni ilipatikana kwa mlango wa nyuma: mama alipata mche mmoja kwa shilingi hamsini, akaukata kwa uzi vipande vinane, akavifunga kwenye kanga na kuvificha nyuma ya mtungi.

Machi ile Waziri Mkuu Sokoine akaanza msako wa wahujumu uchumi. Sheria yake ikafuata, na mahakama maalumu isiyoruhusu wakili. Wengi wetu tulishangilia, maana walanguzi walikuwa wametukamua. Lakini usiku watu wakaanza kumwaga mali. Asubuhi moja, baada ya mvua ya masika, mtaro wetu ulifurika povu jeupe linalonukia sabuni ya kuogea. Nikakimbilia na ndoo, baba akanishika ukosi, akanirudisha ndani bila neno. Alikuwa karani bandarini, na tangu siku ile hakikuingia kitu nyumbani bila risiti. Alizitunga kwenye waya nyuma ya mlango, hata ya kiberiti. Wali tuliupika milango imefungwa, na mama alipunguza nazi, harufu isivuke ua. Mgeni akiuliza tumekula nini, tumekula ugali kwa mchicha.

Mwenye duka mmoja jirani yetu, sitamtaja kwa kuwa watoto wake wapo, alichukuliwa alasiri akiwa na kanzu na kandambili. Ndiye aliyetukopesha unga kila mshahara ulipochelewa. Mkewe alisimama barazani, uso umemkauka, akitazama nyumba moja baada ya nyingine. Hakutoka mtu. Mama alishika komeo la mlango, baba akamwambia, “Subiri kwanza, mama watoto.” Tukasubiri wiki sita. Tahadhari ya risiti naitetea, na ile ya kufunga mdomo kwenye foleni pia, maana ziliilinda nyumba yetu. Hii ya kumwacha mama wa watu peke yake siitetei. Kumpa jirani pole hakukukatazwa na sheria yoyote. Katazo hilo tulijitungia wenyewe.

Mzee yule aliachiwa mapema mwaka uliofuata, amekonda, mvi zimemjaa. Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro, na Rais, Mwalimu Nyerere mwenyewe, akatangaza redioni, mtaa ulikusanyika barazani kwa mzee huyo, kwa kuwa redio yake ndiyo iliyokuwa na betri nzima. Wanawake walilia. Baba naye alikwenda, akakaa ukingoni mwa mkeka. Mzee akajisogeza kumpa nafasi, kisha akaongeza sauti ya redio.