Chanda Chema Huvikwa Pete

Wazee wetu walinena kwamba chanda chema huvikwa pete, lakini hawakutuambia pete hiyo ivikwe lini. Nimeliwaza jambo hili kwa sababu ya picha moja ya sinema iliyopigwa katika nchi yetu.

Ukitoka Karatu, ukapita lango la Lodoare na kupanda msituni mpaka ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, utaona kando ya barabara mnara mdogo wa mawe. Hapo amezikwa Michael Grzimek, Mjerumani. Yeye na baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, walikuwa wakiwahesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege iliyopakwa rangi ya punda milia, huku wakipiga picha za sinema. Tarehe 10 Januari, 1959, ndege hiyo iligongana na tai angani, ikaanguka. Michael alikufa akiwa na umri wa miaka 24. Mwaka 1960 picha yao, Serengeti Shall Not Die, ilipewa tuzo ya Oscar huko Marekani, kwa kuwa bora miongoni mwa picha ndefu za mambo ya kweli. Baba alipata sanamu. Mwana alikuwa kaburini.

Mwaka huo huo zilitolewa pia Oscar za heshima. Hizi hazishindaniwi, bali mtu hupewa kwa kazi ya maisha yake au kwa jambo la pekee alilotenda. Mmoja aliyepewa ni Buster Keaton, mchekeshaji wa zama za sinema zisizo na sauti, ambaye kazi zake kubwa alizifanya katika miaka ya 1920. Mwingine ni Lee de Forest, ambaye uvumbuzi wake ulisaidia kuipa sinema sauti. Alikuwa na umri wa miaka 86, na mwaka uliofuata alifariki. Charlie Chaplin naye alipewa tuzo ya namna hiyo mwaka 1929, kisha nyingine mwaka 1972, alipokuwa mzee wa miaka 82.

Yamkini mtu atasema kwamba tuzo hizo ni za kuwafariji wazee waliosahauliwa. Na iwe hivyo. Heshima iliyochelewa, mwenyewe akaisikia, ni bora kuliko ile inayochongwa juu ya kaburi.

Je, hapa kwetu? Wamasai walioishi na wanyama wale kabla ndege haijaja, madereva, wapishi wa kambini, na askari wa wanyamapori waliozeeka kazini, nani amewavika pete? Sisi hatuna sanamu za dhahabu, lakini kuandika tunajua. Basi nawaomba wenzangu, likizo ijayo kila mmoja wetu amwendee mzee mmoja, amwulize kwa adabu kazi aliyoifanya na miaka aliyoifanya, aandike na jina lake. Gazeti letu liyachape majina hayo muhula ujao, wenyewe wangali hai, wayasome au wasomewe na wajukuu wao.