Kipimo cha Haki Kilabuni

Watu wengi wakisikia mwalimu ataja habari za kilabu cha pombe, hudhani ya kuwa ataanza kwa kulaani na kumaliza kwa kulaani. Hatutafanya hivyo. Wale wasioingia kilabuni hawahitaji lawama hiyo, na wale waingiao wamekwisha kuizoea. Sisi twataka kunena jinsi mtu anavyopokewa, anavyopimiwa na anavyolishwa katika vilabu vya mbege vya huku kwetu Kilimanjaro; maana hilo ni jambo la haki, na haki yatupasa sote, wanywao na wasiokunywa.

Mbege ni kazi, si mchezo. Ndizi zilizoiva sana hupikwa katika chombo kikubwa, huachwa siku kadha wa kadha zipate kuchacha, kisha huchujwa. Ulezi nao huloweshwa hata uchipuke, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji. Na uji huo ukipoa huchanganywa na maji yale ya ndizi. Wengine hutia gome la mti wa msesewe ili kupata uchungu kidogo. Ikiisha kuwa tayari haingoji mtu: siku chache tu imekuwa kali mno, haifai. Kwa hiyo mama aliyehangaika nayo siku nyingi hana budi kuiuza upesi. Hapo ndipo majaribu yake yaanzapo.

Jaribu la kwanza ni kipimo. Zamani mbege ilinywewa katika kata ya kibuyu. Siku hizi twaona zaidi majagi na vikombe vya plastiki. Tumefika vilabuni mara nyingi, kutafuta wazazi wa wanafunzi wetu au kula nyama jioni ya Jumamosi, nasi tumeyaona mengi. Tumeona jagi liitwalo la lita moja, nalo halijai lita. Tumeona mbege iliyoongezwa maji. Tumeona nyama ya kuchoma ikipimwa kilo moja, nusu yake mifupa, na mizani imegeuzwa upande ili mnunuzi asiuone mshale. Tena pako mahali ambapo mbege njema hutolewa kwanza, na ile ya juzi huletwa watu wakiisha kulewa. Hila hii si mpya. Mkuu wa meza katika arusi ya Kana aliijua sana, ndiyo maana alistaajabu kuona divai iliyo njema imewekwa hata mwisho.

Jaribu la pili ni upendeleo. Mtu ashuka garini, mara hufutiwa benchi na kuletewa nyama ya paja, na huku mzee mwenye koti lililochakaa ameketi tangu saa tisa wala hapana aliyemwambia "Shikamoo." Yakobo alionya juu ya jambo hili katika kusanyiko la waamini. Kama ni aibu kanisani, si heshima kilabuni.

Jaribu la tatu ndilo kubwa, nalo ni kutojua kusema, "Yatosha." Twamjua mama mmoja ambaye kilabu chake ni banda la mabati lenye mabenchi manne. Vikombe vyake huoshwa kwa maji ya moto. Mgeni akifika, mama huonja mbege mbele yake ndipo humpa. Jikoni hakukosi chungu cha mtori. Jioni moja tulimkuta pale fundi aliyekuwa amepokea ujira wake, naye aliagiza jagi la nne. Mama akamjibu kwa upole, "Baba, kwako leo imekwisha." Pipa lilikuwa bado nusu, na kila mtu aliliona. Fundi akakasirika, akasema fedha ni yake. Mama akamletea bakuli la mtori, akasema, "Hili hulipi. Fedha iliyobaki ni ya mama watoto. Kesho tutaonana naye kisimani, nitamtazamaje usoni?" Yule mtu akala, akaenda zake akinung'unika. Mbege iliyosalia iliharibika, mama akaimwaga mgombani.

Twauliza: ni nani katika sisi, mwenye duka, mkulima au mwalimu, aliyekubali hasara ya namna hiyo kwa ajili ya nyumba ya jirani?

Lakini haki haina upande mmoja. Kwenye ubao wa mlango wa mama huyo pana mistari ya mkaa, na kila mstari ni jagi lisilolipwa. Mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali hata kidato cha nne, lakini sare na madaftari bado ni juu ya mzazi. Binti yake, aliye mwanafunzi wetu, huosha majagi hata usiku, na asubuhi husinzia darasani. Tulipomwendea mama kwa ajili ya jambo hilo, alituonyesha ule ubao, akasema, "Mwalimu, siku watakaponilipa hawa, nitaajiri mtu wa kuosha." Hatukuwa na jibu.

Basi anayesifu vikombe safi na maneno mazuri ya mama, kisha akaondoka bila kulipa, amemwibia mtoto daftari na usingizi. Tena amsaidia kufunga mlango. Na mlango wa mwenye haki ukifungwa, watu hawaachi kunywa. Hukimbilia vichochoroni, penye pombe ambayo hakuna ajuaye kilichomo. Mwezi wa Mei 2014, katika nchi jirani ya Kenya, makumi ya watu walikufa na wengine walipofuka kwa pombe iliyotiwa sumu ya methanoli.

Ndugu zetu, asiyekunywa na asianze. Anayekunywa na achague nyumba yenye kipimo cha kweli, akubali akiambiwa yatosha, na alipe papo hapo. Na kabla hatujatia sadaka yetu Jumapili, kila mmoja na akumbuke kama pana mstari wake wa mkaa mlangoni mwa mtu. Akaufute kwanza.