Kona za Tambarare

Sisi wawili, wainjilisti wenye pikipiki moja, tulikulia kwenye miteremko ya Mlima Meru. Barabara ya kupanda Nkoaranga, kona baada ya kona kati ya migomba na kahawa, ndiyo iliyotufundisha kupenda kuendesha. Kisha tukapangiwa mtaa ng'ambo ya Kisongo, njia ya Makuyuni. Huko mvua ni haba, nchi ni tambarare, na lami imenyooka kama kamba.

Tulinung'unika. Jumapili moja dereva alisinzia, abiria naye vilevile. Honi ya lori ndiyo iliyotuamsha. Tangu siku hiyo tuliacha lami tukafuata njia za ng'ombe. Kumbe kona ziko huko: njia hukwepa migunga, hushuka makorongoni, hupinda kufuata maji na maboma. Tukacheka tena kama vijana.

Lakini njia hizo hazitaki haraka. Penye boma moja mama alitusimamisha, mtoto mgongoni anachemka kwa homa. Mmoja wetu akashuka, akabaki chini ya mgunga. Mwenzake akawapeleka zahanati. Mtoto alipona. Baadaye mama alituambia kwamba kila Jumapili alikuwa akiisikia pikipiki yetu, mbali kule kwenye lami.

Mwaka mzima tulimpita, tukiwahi kuhubiri habari za Msamaria mwema. Tulimwomba Mungu kona za kutufurahisha, akatupa na jirani. Njia ile tunaipita hadi leo, polepole.