Machungwa Yakae Wapi?

Mshale wa mafuta kwenye Land Rover ya baba ulikuwa umelala tangu nipate akili, kwa hiyo petroli tuliipima kwa ufito. Ulikuwa mwembamba, umenyooka, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, na ulikaa nyuma ya kiti cha dereva siku zote. Baba aliutumbukiza kwenye mdomo wa tenki, akauchomoa upesi, akauelekeza kwenye mwanga kabla haujakauka, akatazama unyevu umeishia wapi. Alikuwa ameuchonga alama tatu kwa kisu. Ya juu aliiita Amani, kwa kuwa ndiyo mafuta ya kupanda mlima hadi kwa bibi na kurudi. Ya kati ilikuwa Tanga. Ya chini kabisa, vidole viwili tu kutoka nchani, aliiita Hospitali.

Unyevu ukishuka hadi Hospitali, gari haliguswi. Mama angekuwa na gunia la mahindi la kupeleka mashineni, angetafuta mkokoteni. Sisi watoto tungelilia kwenda mjini, tungelia mpaka tunyamaze wenyewe. Mafuta yale ya chini hayakuwa yetu.

Tuliishi nje kidogo ya Muheza, kwenye nyumba za shamba la mkonge, ambako baba alikuwa fundi mitambo. Shamba lilipoichoka ile Land Rover, aliinunua na kuifufua mwenyewe kwa vipuri vya kuokotaokota. Ilikuwa 109, ile ndefu, yenye mabenchi mawili ya kutazamana nyuma. Injini yake ya petroli ilikuwa na cc 2,286, na lita moja haikuipeleka zaidi ya kilomita sita. Ikipanda Amani ilikunywa zaidi ya hapo. Kwa hesabu za leo, hakuna mtu angelichagua gari lile katika miaka ile.

Maana miaka ile ilikuwa migumu. Mwaka 1973 bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda karibu mara nne katika miezi michache, na mwaka 1979 ikapanda tena, wakati nchi yetu ndiyo kwanza inatoka vitani Kagera, haina fedha za kigeni. Petroli ikawa ya kibali. Baba alikwenda kuomba kibali akiwa amevaa shati lake la Idi, akarudi na karatasi ya lita 20, mara nyingine akarudi na shati tu. Jumapili, kuanzia saa nane mchana, magari binafsi yalikatazwa barabarani. Nakumbuka ukimya wa saa hiyo kuliko ninavyokumbuka kelele zozote za utoto wangu. Tukiwa Amani kwa bibi, kuanzia saa tano mama alikuwa tayari anatuhimiza tule haraka, na baba anatazama saa. Njiani kurudi aliweka gia huru, gari likateremka lenyewe kwenye mteremko mrefu kati ya miti ya chai na msitu, injini ikinong'ona tu. Aliamini kila mteremko ni mafuta ya bure, na sisi nyuma tuliinama mbele kana kwamba tunalisaidia.

Jumapili moja, saa kumi hivi, jirani yetu alishikwa na uchungu wa mimba. Baba alichomoa ufito: Hospitali, na chini yake kidogo. Hakusema neno. Wanawake wanne walipanda na mzazi, wakamlaza katikati ya mabenchi juu ya mkeka, nami nikapewa taa ya chemli niishike, ingawa jua lilikuwa bado linawaka. Kwenye makutano ya barabara askari wawili walitusimamisha. Mmoja alichungulia nyuma, akamsikia yule mama, akapanda mbele akaketi kando ya baba ili tusisimamishwe tena hadi hospitali. Mtoto alizaliwa kabla ya magharibi. Wiki tatu zilizofuata Land Rover ilikaa chini ya mwembe, baba akienda kazini kwa baiskeli. Sikumsikia akizitaja zile lita hata siku moja.

Gari langu la kwanza nililinunua Dar es Salaam mwaka 2010. Lilikuwa Toyota Mark II, ile ambayo watu huiita GX 110: silinda sita, cc 2,000, viti kama makochi. Petroli haikuwa rahisi hata wakati ule, ila ilikuwepo, na mshahara uliibeba. Nilikwenda nyumbani Muheza karibu kila mwezi. Buti lilirudi limejaa machungwa na ndizi, na kiti cha nyuma hakikukosa mtu: shangazi anayekuja kutibiwa, binamu anayeanza chuo, mtu wa kijijini ambaye hata jina lake nililijulia Segera. Tenki likienda chini ya nusu nilijaza. Kupiga hesabu ya safari kwa lita sikujifunza, kwa sababu sikulazimika.

Kisha Urusi ikaivamia Ukraine, Februari 2022. Tukaanza kuisubiri Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, siku ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo. Mei, petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,148 kwa lita. Serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni, na bado Agosti tulisoma 3,410. Nilikuwa natoka Tabata kwenda katikati ya mji na kurudi, na kwenye foleni ile GX haikunipa zaidi ya kilomita saba kwa lita. Kwa kilomita 1,000 za mwezi hizo ni lita 143, karibu shilingi laki tano, kabla sijanunua unga.

Niliamua kuliuza. Hapa nataka kuwa wazi, kwa sababu kuna wengi watakaosimama pale niliposimama mimi. Siku bei ya mafuta inapopanda ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kuuza gari la injini kubwa. Kila mwenye injini kubwa anauza, kila mwenye fedha anatafuta ndogo, na dalali anajua. GX yangu ilikwenda kwa bei ya chini, Vitz ya cc 1,000 nikainunua kwa bei ya juu, na katikati nikaongeza shilingi milioni tano za akiba. Vitz ilikwenda kilomita 14 kwa lita pale pale ambapo GX ilikwenda saba. Nilikuwa naokoa kama shilingi 243,000 kwa mwezi kwa bei ya Agosti. Gawanya mwenyewe: karibu miezi 21 kurudisha ile milioni tano tu. Na bei haikungoja miezi 21. Septemba ilianza kushuka, mwaka uliofuata ikapanda tena. Nilibadilisha gari kwa hofu ya mwezi mmoja.

Fundi wangu, kijana wa gereji ya chini ya mkungu, aliniambia baadaye nilichopaswa kukisikia kabla.

"Mama, gari halinywi cc peke yake. Linakunywa unavyoliendesha na unavyolitunza."

Alinifungulia eya klina ya Vitz, ikawa nyeusi kama mkaa. Akapima upepo wa matairi, yote manne yalikuwa chini. Akanionyesha plagi zilizochakaa. Akasema injini ndogo ukiipakia watu watano na mizigo ukaipandisha mlima, italazimika kuzunguka kwa nguvu zake zote, na hapo ule uchache wa mafuta unaotafuta hutauona. Nikamsimulia baba na gia huru zake. Akatikisa kichwa kwa heshima. Kwenye injini ya kabureta, alisema, mzee alikuwa na sababu, ijapokuwa breki ndizo zilizoumia. Lakini gari la siku hizi ukiteremka nalo likiwa kwenye gia, mguu umeutoa kwenye mafuta, kompyuta inafunga kabisa mafuta yasiingie. Ukiweka huru, linalazimika kuchoma kidogo ili injini isizime. Nimeendesha miaka kumi na miwili nikiweka huru kila mteremko wa Segera kwa kumkumbuka baba, na kila mara nilikuwa namwaga.

Lakini si hesabu ya fedha inayoniuma. Mwezi ule wa Agosti, usiku, jirani aligonga geti. Mtoto wake alikuwa na homa kali, anatapika. Taa ya mafuta kwenye Vitz ilikuwa inawaka tangu jioni, na nilikuwa nimepanga kwamba kilichobaki kinanifikisha kazini asubuhi, halafu sheli. Nilisimama mlangoni. Nikamwambia, "Ngoja nikupigie kijana wa bajaji, atafika sasa hivi." Bajaji ilikuja baada ya dakika ishirini. Tulikaa naye kwenye ngazi, mimi nikimpepea mtoto kwa kipande cha boksi, gari langu limeegeshwa hatua kumi kutoka tulipoketi. Mtoto alipona, na mama yake hajawahi kunionyesha kinyongo. Alipoondoka niliingia ndani nikalala, ila sikupata usingizi. Niliuona ule ufito. Baba, katika nchi isiyo na petroli, aliweka alama ya chini kwa ajili ya mtu mwingine. Mimi, mwenye sheli tatu ndani ya kilomita mbili, ile ya chini nilijiwekea mwenyewe.

Binti yangu sasa anaendesha IST iliyofungwa mfumo wa gesi. Aliniuliza ushauri kabla ya kununua, nikamwambia asikimbilie, apige hesabu ya kilomita zake kwanza. Alipiga. Kujaza mtungi wake wa kilo 11 kwa bei ya wakati ule, shilingi 1,550 kila kilo, ilikuwa shilingi 17,050, na kwa fedha hiyo alizunguka mji siku kadhaa. Anaiwasha kwa petroli, injini ikipata moto inahamia gesi yenyewe, na taa ndogo za kijani kando ya usukani zinamwonyesha kilichobaki. Gharama yake ni muda. Foleni ya gesi nimekaa naye mara moja, kuanzia saa nne usiku hadi karibu saa saba, madereva wa bajaji na wa teksi wakilala juu ya usukani.

Gesi ile inatoka Songo Songo, kule Kilwa, na kila nikiona mtungi nafikiria mwaka. Iligunduliwa mwaka 1974. Yaani wakati baba anavaa shati la Idi kuomba lita 20, ilikuwa tayari inajulikana kwamba ipo, chini ya kisiwa chetu wenyewe. Ilifika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Miaka thelathini. Najua bomba si kitu cha kujenga kwa maneno, linataka fedha ambazo hatukuwa nazo. Hata hivyo mtu aliyepima petroli kwa ufito angependa kujua.

Mwezi wa saba tulikwenda Muheza na hiyo IST, mimi, binti yangu na wanawe wawili. Ni zaidi ya kilomita 300. Gesi ilitufikisha mbele kidogo ya Mkata, kisha taa za kijani zikazimika na gari likahamia petroli bila kushtuka. Tangu 2022 nilikuwa nimeshuka kutoka safari kumi kwa mwaka hadi tatu, na mama hakuwahi kuuliza sababu. Alikuwa anasema tu, "Njia ndefu, mwanangu, mafuta ghali," ananitetea kabla sijajitetea.

Ilikuwa msimu wa machungwa. Asubuhi ya kuondoka tulimkuta ameshasimamisha gunia kubarazani, limeshonwa kwa kamba ya mkonge, kama alivyolisimamishia Land Rover na baadaye GX. Binti yangu akafungua buti. Mtungi ulikuwa umelala pale, umefungwa kwa mikanda ya chuma, umechukua nafasi yote isipokuwa pembe mbili. Mama aliweka mkono juu yake, akaugongagonga.

"Sasa bibi yangu," akamwambia mjukuu wake, "machungwa yakae wapi?"

Hakuna aliyejibu. Kiti cha nyuma kilikuwa cha watoto, na cha mbele changu. Mama alikwenda ndani akarudi na kisu, akakata mshono. Tulipiga magoti wote, tukaanza kuyapanga moja moja: kwenye pembe za mtungi, chini ya viti, kwenye mifuko ya milango, miguuni kwa watoto. Mdogo alikuwa anahesabu kwa sauti. Yaliingia themanini na sita. Yaliyobaki, zaidi ya nusu ya gunia, mama aliyaburuta hadi kivulini, akaniambia yatanisubiri, nisichelewe tu.