Bunduki Iliyomwaga Risasi

Miaka ya kwanza ya 1970, Nairobi ilikuwa bado mji wa bunduki za porini. Wageni walifikia Norfolk au New Stanley, wakapumzika siku mbili tatu, kisha magari yakawabeba alfajiri kuelekea Narok, pembezoni mwa Tsavo au ng'ambo ya Mto Tana. Bunduki zilizoharibika huko ziliishia kwetu, kwenye karakana nyembamba katikati ya mji, karibu na Mtaa wa Biashara. Mimi nilikuwa kijana wa kufagia unga wa chuma na kushika taa pale fundi alipohitaji mwanga.

Mafundi walikuwa wawili. Wa chuma alikuwa Mpunjabi, mtu wa maneno machache na macho makali. Wa mbao alikuwa mzee wa Kikamba kutoka Wamunyu, kule kwa wachongaji. Mzee huyu alijua mti wa bunduki kuliko waliokuwa wakizibeba, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kumiliki hata moja. Katika ukoloni, leseni ya kuwinda kwa kawaida ilikuwa ya Mzungu. Mkamba aliyefuata tembo kwa upinde na mshale wa sumu aliitwa jangili, na katika msako wa Tsavo wa miaka ya 1950 wengi walifungwa. Vitabu vya uwindaji wa Kenya vimejaa majina ya waliofyatua. Nimevisoma vingi, na kila mara naudhika kwamba mikono iliyozifanya bunduki zile ziaminike haimo.

Asubuhi moja akaja mteja wetu wa mtaa wa Karen, mwindaji wa kazi, amebeba Winchester Model 70 ya .375, ya zile zilizoundwa kabla ya 1964. Sehemu ya chini ya bunduki ilikuwa imezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

"Fundi, hii imenimwagia risasi miguuni," alisema.

Alikuwa amempiga nyati risasi ya kwanza. Bunduki ilipompiga teke, kile kifuniko cha chuma cha chini ya magazini kikafunguka chenyewe, na risasi zilizobaki zikaanguka nyasini pamoja na springi. Nyati alikuwa amejeruhiwa tu, hajafa. Kilichomwokoa mteja ni bunduki ya pili, iliyokuwa mikononi mwa msaidizi wake.

Kifuniko hicho kimeshikwa kwa bawaba upande wa mbele, na upande wa nyuma kimebanwa na kikomeo kidogo chenye kitufe, mbele tu ya upinde wa chuma unaokinga kifyatulio. Magazini ikijaa, springi yake inakisukuma chini muda wote. Bunduki inapofyatuka, mdomo wake huruka juu, na uzito wa risasi za ndani hukilemea kifuniko kwa ghafla. Kikomeo kikishika kwa ncha tu, hakiwezi kustahimili.

Mpunjabi alianza pale ambapo kila fundi wa chuma angeanza. Alikifungua kikomeo, akatoa nyasi na grisi iliyoganda, akapima springi yake kwa kidole. Springi ilikuwa hai. Kisha akawasha mshumaa, akaupaka ulimi wa kikomeo masizi, akafunga kifuniko na kukifungua tena. Masizi yalifutika kwenye ukingo tu, mstari mwembamba kama uzi. Chuma hakikuwa kimelika. Ulimi ulikuwa mzima, ila haukufika mahali pake.

"Mzee, njoo uone," akaita.

Mzee wa mbao hakuutazama ulimi hata kidogo. Aliomba bisibisi, akagusa skrubu ya mbele, akatikisa kichwa. Katika Model 70, kile kipande chenye bawaba na ule upinde wa kifyatulio si chuma kimoja. Kila kimoja kimekaa peke yake ndani ya mbao, na mbao ndiyo inayolinda nafasi kati yao. Alipokitoa kipande cha bawaba, chini yake mbao ya mjozi ilikuwa nyeusi na laini, imekunywa mafuta ya miaka mingi. Mwenye bunduki aliipaka mafuta kwa wingi na kuisimamisha kwa kitako, mafuta yakashuka kidogo kidogo. Kila alipokaza skrubu, mbao ilibonyea, chuma kikazama na kusogea.

Siku zilizofuata ndizo nilizojifunzia kazi. Mzee alizika sehemu ile ndani ya unga wa chaki, akaiweka juani darini, akabadilisha unga kila ulipogeuka manjano. Mafuta yalipokwisha kutoka alichonga mbao iliyooza, akajaza gundi ya Araldite, na kukikalisha chuma upya huku akipima kwa masizi tena na tena, mpaka ulimi ukashika kwa upana wake wote.

Wakati wa kufunga alinipa bisibisi mimi. "Kijana, kaza ya mbele, kaza ya nyuma. Ya kati iguse tu." Skrubu ya kati ikikazwa kwa nguvu huukunja mwili wa bunduki, na shabaha hupotea.

Tukajaza magazini risasi bandia zisizo na baruti, na Mpunjabi akakigonga kitako kwa nyundo ya mpira, magazini ikiwa imejaa, ikiwa nusu, na ikiwa na risasi moja. Kifuniko hakikutikisika. Mteja mwenyewe akaenda kuijaribu kwa risasi za kweli kwenye uwanja wa shabaha. Aliporudi, alimpa mzee mkono kwanza.

Uwindaji wa tembo ulikuwa umekatazwa tangu 1973, na Mei 1977 serikali ikafunga uwindaji wote. Sikuomboleza wanyama kupumzishwa. Niliomboleza ujuzi ule. Wawindaji walielekea Sudan, Zambia na Botswana, na wengine Tanzania ilipoufungua tena uwindaji mwaka 1978. Mteja wa Karen alikwenda Sudan na bunduki yake. Mpunjabi alibaki na bunduki za wakulima. Mzee alirudi Wamunyu kuchonga twiga na swala kwa maduka ya watalii, na mimi nikapata kazi ya kutengeneza cherehani pale pale Mtaa wa Biashara.